Hatua Nane za Kimya

"Hili pengo ni la nini, shemeji?"

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, mchoro umetandazwa mbele yake, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Kazi yenyewe ilikuwa pazia, na pazia lenyewe usiombe. Futi arobaini na mbili kwa upana, kumi na tano kwenda juu, kitambaa kizito cha bluu ambacho marobota yake yalikuwa yameziba nusu ya chumba, hata kwenda jikoni ilibidi mtu apite kwa ubavu. Haya, na pale kona ya chini, mkono wa kushoto, mchoro ulionyesha pengo la futi tatu kwa mbili, kama vile mtu amemega kipande cha mkate.

"Mambo ya jukwaa hayo," alisema Itifaki. "Kuna ngazi pale. Wewe kata kama ilivyochorwa."

"Ngazi nyuma ya pazia? Wageni wanapandia wapi?"

"Shemeji, mimi nikija kukuuliza uzi unapita wapi kwenye cherehani, utanielewa?"

Alisema kwa kucheka, na Fundi naye akacheka, pini zikamponyoka. Walikuwa wamezoeana hivyo. Fundi alipoolewa katika nyumba hii, huyu bwana mwenye suti alikuwa mtoto wa miaka sita asiye na mama, kaptura imechanika nyuma, na mshono wa kwanza ambao bi harusi alishona kwa cherehani yake mpya ulikuwa wa kaptura hiyo. Jina la Itifaki alibandikwa na kinyozi wa pale nje, siku alipopata kazi katika ofisi ya sherehe ya jiji akaanza kuwasahihisha watu namna ya kukaa kwenye kiti. Mwezi uliopita alipandishwa akawa mkuu wa ofisi. Tangu hapo akija nyumbani haingii ndani. Husimama kizingitini, anaangalia viatu vyake visiguse vumbi la chaki.

"Kwa hiyo ni la jukwaa kuu," Fundi alirudia. Hakuwa anauliza, alikuwa anaonja. Miaka yote alishona kola na vifungo vya sare za bendi, vitu ambavyo hakuna anayevitazama. "Nyuma ya wageni wa heshima."

"Litaonekana kwenye televisheni mwanzo mpaka mwisho," alisema Itifaki. Hilo, nawaambieni, halikuwa uongo.

Kutoka chumba cha ndani ikasikika fimbo ya kutembelea ya baba mkwe ikigonga sakafu mara mbili.

"Ni mdogo huyo?"

"Ndiye, baba," Fundi aliitika.

"Muulize. Fimbo ya bendi itainama?"

Itifaki alitazama saa yake, kisha akatazama viatu. "Itainama, baba! Ratiba nimeiandika mwenyewe."

"Hatua nane?"

"Hatua nane, baba."

"Haya. Mungu akuweke."

Ratiba kweli alikuwa ameiandika mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba hatua nane hazimo. Alimwambia shemeji yake kwamba pazia liwe tayari siku moja kabla, akaondoka akitembea kwa vidole kati ya madimbwi ya mtaa aliozaliwa.

* * *

Mgeni akifika katika jiji lile, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni Njia Kuu. Mnazijua njia za namna hiyo. Pana mpaka mtu akivuka anasahau alikuwa anaenda wapi, miti imekatwa vichwa vikalingana, taa zina matawi matatu matatu. Maharusi hupigia picha pale. Wakubwa wakifa huzungushwa pale kabla ya kuzikwa. Timu ikishinda kombe, hupitishwa pale juu ya lori. Na Siku ya Jiji ikifika, bendi, askari, wanafunzi, wazima moto na vyama vyote vya mji huteremka njia hiyo mpaka kwenye sanamu, na bendi ndiyo hutangulia.

Katikati ya njia hiyo, kati ya duka la kinyozi na duka la dawa, kuna mdomo wa mtaa mmoja mwembamba ambao wachora ramani walishindwa kuufuta. Wanaume wa mtaa huo ndio waliochimba mtaro mkubwa uliolala chini ya lami. Siku moja ukuta wa udongo ukaporomoka pale pale mdomoni mwa mtaa, ukawafunika watu saba. Walitolewa saba, mmoja mzima. Mmoja huyo ndiye Mzee, baba wa Itifaki, na mguu wake wa kushoto haukunyooka tena.

Meya wa wakati ule alikuja na suruali nyeupe, akaingia kwenye matope, akasema mbele ya watu kwamba kila gwaride litakalopita njia hii litashusha fimbo hapa na kunyamaza hatua nane. Hakuandika popote. Alisema tu, na kwa miaka thelathini na minane bendi ikatii. Ikifika pale, ngoma kubwa hukata, tarumbeta hukata, Bwana Fimbo, kiongozi wa bendi, huinamisha ile fimbo yake yenye kichwa cha shaba, unasikia viatu peke yake: moja, mbili, mpaka nane. Halafu ngoma inapiga du! na dunia inaendelea.

Katika hatua hizo nane Mzee hukaa mdomoni mwa mtaa kwenye kiti chake, kofia kifuani, anataja majina sita. Mrefu. Kicheko. Pacha. Chumvi. Msomi. Bwana Harusi, ambaye alikuwa na siku tisa za ndoa. Majina sita yanaenea ndani ya hatua nane kama huyatafuni. Mzee alikuwa ameshayapima. Lakini mwaka huo daktari alimwambia moyo umechoka na macho ndiyo hivyo tena, yameingia ukungu, na yeye akamwambia mkwewe, "Mwanangu, mwaka huu nawaaga. Nikishawaaga, hata nikiitwa kesho yake sina neno."

Fundi alimwambia aache maneno hayo. Usiku huo huo, hata hivyo, alitoa suti yake ya kijivu akaipunguza kiuno kwa mara ya tatu, maana Mzee alikuwa anapungua kila mwaka na suti haipungui yenyewe.

* * *

Mume wa Fundi aliitwa Dundo. Ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya jiji, mwaka wa ishirini na sita sasa, na ndiye kaka mkubwa wa Itifaki. Mtu wa maneno machache na mabega mapana. Wiki hizo mbili za mazoezi alirudi kila jioni amechoka kama aliyebeba mawe, akala bila kusema chumvi imezidi au imepungua, kisha vidole vyake vikaanza kupiga meza. Tu-tu, tu-tu, tu-tu. Havipumziki. Sahani zinacheza.

"We bwana, si umetoka kupiga huko mchana kutwa?" Fundi aliuliza akiwa kwenye cherehani, kitambaa cha bluu kimemfunika mpaka mapajani.

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Wimbo si ule ule?"

"Ule ule." Vidole vikaendelea. "Mwaka huu wanataka uende bila makosa. Televisheni za nje zinakuja."

"Na kwetu hapa mtanyamaza vizuri? Maana mwaka jana yule kijana wa tarumbeta alipitiliza kidogo, baba alinuna siku nzima."

Vidole vikasimama. Dundo akainua glasi ya maji akakuta haina kitu, akainywa hivyo hivyo.

"Dundo, nakuuliza."

"Nimesikia. Wewe shona pazia lako."

Alikuwa mume mwema, na mume mwema akijibu vibaya mke husema amechoka. Fundi alisema amechoka. Akakanyaga cherehani. Kwa siku tano alikuwa ameshawatangazia majirani wote, mwenye duka la dawa, mama muuza mkaa, kinyozi na wateja wake wakiwa na sabuni mashavuni, kwamba safari hii wakitazama televisheni wasiwatazame wakubwa tu, watazame na kilichoko nyuma yao. Kinyozi alikuwa amekuja kushika ncha moja wakati wa kulikunja.

"Fundi, hili si pazia, hili ni shuka la jini," alisema. "Kuna siri gani ya kufunikwa na yote haya?"

"Unaona wivu tu. Wewe kazi yako inafagiwa inatupwa."

Kinyozi alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Hata lile pengo la kona Fundi alilipinda pindo mara mbili, pembe zikakaa sawa kabisa, maana alijisemea mgeni wa heshima asije akapita kwenye ngazi akaona nyuzi zinaning'inia.

* * *

Asubuhi ya Siku ya Jiji, Dundo alishaondoka na ngoma yake kabla watu hawajaamka. Hakuaga. Fundi alimvalisha Mzee suti, akamfunga tai, akamchana nywele sita zilizobaki. Kinyozi akabeba kiti, Fundi akamshika Mzee mkono, wakaanza kuufuata mtaa polepole kuelekea mdomoni. Nyuma yao walikuja watu wa mtaa, wengine na viti, wengine na watoto mabegani, kama kila mwaka.

Walipokaribia, Fundi aliona bluu.

Vijana wanne wa jiji walikuwa wamesimika nguzo mbili, moja mwisho wa ukuta wa kinyozi na moja mwisho wa ukuta wa duka la dawa, na walikuwa wanavuta kamba. Pazia lilikuwa linapanda. Fundi alimwachia Mzee mkono, akakimbia huku ameshika gauni.

"Nyie vijana! Nyie! Mmekosea! Hilo ni la jukwaani!"

Vijana walitazamana. Mkubwa wao akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akaigeuza ili mama asome mwenyewe. "Hapana, mama. Ni la hapa. Angalia, kinyozi huyu, dawa hii."

"Nasema ni la jukwaani, mimi ndiye niliyelishona!"

"Umelishona vizuri, mama," alisema kijana yule kwa heshima zote, na akavuta kamba ya mwisho.

Pazia likashuka likakaa. Upande wa kushoto, chini, lilikutana na ile ngazi ya saruji ya duka la kinyozi, ngazi mbaya iliyotokeza nje kama kidevu, futi tatu kwa mbili. Lile pengo likaingia juu ya ngazi bila kugusa popote. Pindo lililala pembeni yake kama kola shingoni. Kazi safi kabisa.

Kinyozi aliweka kiti chini. Alitazama ngazi yake, akatazama pazia, akamtazama Fundi.

"Fundi," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Ngazi yangu uliipima lini?"

Watu walikuwa wameshafika, wamesimama nyuma yake. Mama muuza mkaa akasema, "Kumbe ndilo hili la televisheni," na mtu mmoja akacheka kwa pua. Fundi alitaka kusema, lakini maneno yote aliyokuwa nayo ni yale aliyoyatumia kujisifu, na hakuna hata moja lililofaa. Kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena na mtoto aliyemfuta kamasi, na chupa yenyewe kaishika yeye.

"Mbona kuna kivuli?" Mzee aliuliza. "Tumefika au bado?"

"Tumefika, baba. Subiri kidogo."

Askari wa jiji alitokea kando ya nguzo akasema hakuna kupita mpaka gwaride liishe. Fundi akasema baba huyu hukaa hapa kila mwaka, jiji zima linajua. Askari akasema yeye hajui, ni amri ya mkuu wa itifaki.

"Mkuu mwenyewe ndiye mwanawe huyu mzee!" kinyozi alifoka.

"Basi mzee amwulize mwanawe," alisema askari, akarudi upande wenye jua.

Fundi akapiga simu. Ililia, ikalia, ikapokewa.

"Shemeji, niko kazini."

"Nimeliona pazia."

Upande wa pili tarumbeta zilikuwa zinajaribiwa. "Nilitaka nije niwaeleze mwenyewe," alisema Itifaki. "Shemeji, ujue mtaa ule kwenye kamera… Wageni wanatoka mbali. Na kile kimya, watu wa televisheni walisema kitaonekana kama hitilafu ya mitambo. Mimi nikasema sawa, mwaka huu tu."

"Kile kimya?" Fundi alikuwa bado anafikiria pazia. "Kwani kimya nacho mmekitoa?"

"Kwani kaka hajakwambia?"

Simu ilibaki sikioni kwa Fundi muda mrefu baada ya kukatwa. Hajakwambia. Wiki mbili za kupiga meza. Wiki mbili za kunywa glasi tupu. Mwanaume analala ubavuni kwake, anamsikia anakanyaga cherehani, anajua kila mshono unakwenda wapi, na anamwambia shona pazia lako! Fundi hakulia. Alikasirika hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo, na ilimpa akili.

Alikumbuka kwamba lile pazia ni vipande viwili. Kitambaa hakikutosha upana, akaunganisha katikati. Na mshono ule alikuwa anaujua kama njia ya chooni. Shingoni alikuwa na mkasi wake mdogo wa kukatia uzi, ambao huvaa kama wengine wanavyovaa kidani. Alipiga magoti, akapapasa, akakata fundo la uzi chini kabisa, akakamata uzi na kuvuta. Mshono ukaanza kufunguka, trr, trr, mpaka usawa wa kifua cha mtu. Jua likaingia mtaani kama mtu aliyefungua mlango.

"Leteni kiti," alisema.

Wakamsogeza Mzee mpaka kwenye upenyo. Akainua uso, ukungu wa macho yake ukapokea mwanga. Mbali, juu kwenye mteremko wa Njia Kuu, ngoma ilikuwa imeanza. Mzee akavua kofia akaiweka kifuani.

"Huyo kijana wangu," alisema. "Namjua mkono wake."

Ndipo mikono miwili ilipotokea upande wa nje. Ilikuwa na vifungo vya dhahabu kwenye pindo za mikono ya shati. Ikashika ukingo mmoja na mwingine, ikaukutanisha, ikashikilia. Itifaki alikuwa amekimbia kutoka jukwaani, na sasa alisimama amewapa mgongo, uso wake kwa kamera, anatabasamu, mikono nyuma kama mtu anayesubiri wageni, na mikono hiyo imefumba pazia.

"Shemeji, achia," alisema Fundi kupitia kitambaa.

"Siwezi. Kamera ziko mbele yangu. Nakuomba, shemeji."

"Baba yako yuko hapa."

"Najua yuko hapo."

"Umemwambia hatua nane."

"Nitamwaga unga, shemeji! Unataka nimwage unga? Nani atawatunza?"

"Ni mdogo?" Mzee aliuliza. "Mdogo, ni wewe umeziba hapo? Sogea kidogo, mwanangu, wanakuja."

Vidole vya Itifaki vilizidi kukaza. Havikuachia.

Fundi alikuwa na pini kwenye kola yake, kama siku zote. Ingetosha moja. Aliitoa akaisogeza mpaka karibu na kidole gumba cha shemeji yake, kidole ambacho alikuwa amekikata kucha mara ngapi, na pale juu ya fundo akaona kovu la maji ya moto la siku alipomwacha peke yake jikoni kwa dakika moja. Mkono wake ukagoma. Mimi namlaumu kwa hilo. Wengine wanasema angefanya nini, na labda ni kweli.

Ngoma ikafika. Ardhi yenyewe ilikuwa inapiga. Juu ya mikono ya Itifaki palikuwa na upenyo wa vidole viwili, Fundi akatia jicho. Aliiona fimbo ya shaba imesimama wima kama mlingoti. Alimwona mumewe, ngoma tumboni, shingo imekazwa mbele. Dundo alipita hatua kumi kutoka kwa baba yake. Hakuna mtu aliyejua kama yeye nani ameketi nyuma ya bluu ile. Mikono yake ikaendelea, tu-tu, tu-tu, haikukosea hata pigo moja.

Nyuma ya pazia Mzee alikuwa ameanza. "Mrefu," alisema. "Kiche…" Akasita, akasubiri ngoma ikate. Alisubiri na mdomo wazi. Bendi ikapita, askari wakapita, wanafunzi wakapita na bendera zao za karatasi, na ngoma ikawa ndogo, ikawa ya mbali. Alifunga mdomo, akavaa kofia.

"Imeinama?"

Watu wa mtaa wote walimtazama Fundi.

"Imeinama, baba. Nimeiona kwa macho yangu. Imeinama mpaka chini."

Mzee aligeuza uso wake upande wa sauti hiyo, akaulekeza hapo kwa muda.

"Macho sina, mwanangu," alisema. "Masikio ninayo. Ngoma haikunyamaza." Kisha akasema taratibu, bila ukali, na ingekuwa afadhali angetukana, "Nilikuwa nimebakiwa na wewe."

* * *

Alasiri walileta pazia nyumbani. Wale wale vijana wanne, wamelikunja vibaya, wakalitupa kwenye mlango wa uani. Mkubwa wao alijikuna kichwa. "Mama, mkuu amesema ulishone pale katikati. Kabla ya Jumatatu. Kuna ugeni mwingine unapita." Waliondoka, pazia likabaki kizingitini, likaziba mlango kama lilivyokuwa limeziba chumba mara ya kwanza.

Mzee alikataa kuingia ndani. Alikaa uani kwenye kiti chake, suti na tai vile vile, chakula mbele yake kimepoa. Kinyozi alikuwa amekaa naye, hataki kuondoka na hana la kusema, jambo ambalo kwake halijawahi kutokea. Hapo ndipo Dundo alipoingia kwa mlango wa nyuma wa ua, sare imelowa jasho, ngoma mgongoni. Alipowaona wote wamekaa pale, alijua wameshajua.

"Baba," alisema. "Shikamoo."

Mzee hakuitika. Dundo akateremsha ngoma taratibu kama anayelaza mtoto mgonjwa.

"Wiki mbili!" Fundi ndiye aliyeanza, amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni. "Wiki mbili unaniangalia nashona! Ungesema neno moja, Dundo. Moja! Ningekataa kitambaa, ningemwandaa baba. Umeniacha nijitangaze mtaani kama punguani!"

"Mdogo alisema atawaeleza mwenyewe."

"Na alipokuwa haelezi?"

"Nikaona… labda watabadilisha." Dundo aliongea na ngoma yake. "Siku ya kwanza ya mazoezi tulinyamaza wote, bendi nzima, mkono umezoea. Bwana Fimbo akaturudisha. Tukafika tena, tukanyamaza. Akaturudisha. Tulirudishwa siku ile mara ishirini na kitu. Akasema atakayenyamaza tena aache ala yake hapo hapo aende nyumbani, vijana wa kuishika wako wengi. Miaka ishirini na sita, mke wangu. Ningeenda wapi na mabega haya?"

"Ungekuja hapa," alisema Mzee.

Ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu asubuhi. Wote wakageuka.

"Sina ugomvi," aliendelea. "Kazi ni kazi. Ya barabarani yamepita. Mimi nina watu sita wananisubiri, na mwaka ujao sijui. Vaa ngoma yako."

"Baba?"

"Vaa. Piga hapa hapa. Ule wimbo, kuanzia pale kwenye kona. Ukifika kwetu, unajua pa kunyamaza. Nipe hatua zangu nane, mimi nitawaaga, na hilo tutakuwa tumelimaliza mimi na wewe. Hakuna kamera hapa."

Uso wa Dundo ulifunguka. Ukimwona ungedhani amesamehewa. Alivaa ngoma haraka, mikanda inampotea, Fundi mwenyewe akajikuta anamsaidia kufunga nyuma. Kinyozi akasimama. Vichwa vikaanza kutokea juu ya ukuta wa ua, mama muuza mkaa, mwenye duka la dawa. Mzee akavua kofia akaiweka kifuani.

Dundo akaanza. Tu-tu, tu-tu. Alipiga kwa moyo wote, anatembea pale pale alipo, magoti yanapanda. Ua mzima ukajaa. Wimbo ukapita kwenye kona, ukateremka, ukakaribia. Mzee akavuta pumzi. Fundi akajikuta anahesabu. Sasa.

"Mre…" alisema Mzee.

Tu-tu, tu-tu, tu-tu. Ngoma ilipita juu ya jina hilo ikaendelea mbele. Dundo alisimama ghafla, amekodoa macho, anaitazama mikono yake.

"Samehe, baba. Nimepitiliza. Ngoja. Narudia."

Akarudia. Safari hii aliuma midomo, akahesabu kwa sauti, shingo imetoka mishipa. Kona. Mteremko. Mzee akafungua mdomo. Na mikono ile ikafika mahali pake, ikapita, tu-tu, tu-tu, safi, bila kosa, kama ilivyofundishwa. Dundo alilia kwa sauti huku anapiga. Ilibidi kinyozi amshike viganja kwa nguvu ndipo ngoma ikanyamaza.

Kimya kikaja, kirefu, cha hatua hata mia. Kila mtu pale uani alimtazama Mzee ayataje majina yake. Mzee hakuyataja. Aliirudisha kofia kichwani, akaitafuta fimbo yake chini kwa mguu ule mzima.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Wamekufundisha vizuri."

Aliinuka bila kushikwa mkono. Mlangoni fimbo yake ikagonga lile robota la bluu, akalipapasa kwa ncha, upande huu na upande ule, akitafuta pa kupita. Fundi alikimbia kulivuta. Lilikuwa zito, halikusogea upesi, na Mzee alisimama pale akisubiri, amewapa wote mgongo, mpaka njia ilipopatikana.